Tungo zilizofungiwa zafunguliwa kwa ufunguo wa bure

Mwaka 1999 nilikuwa nikienda kila Alhamisi baada ya Alasiri nyumbani kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, malenga aliyekuwa amekwisha kupofuka macho lakini kifua chake kingali kimejaa tungo. Yeye akighani, mimi nikiandika daftarini. Na usiku nikirudi kwangu nikizipiga chapa katika tarakilishi ya mkono wa pili niliyoinunua kwa taabu, nikijiona nimeingia karne mpya kabla haijafika. Zilitimia tungo 143. Mzee alifariki mwaka 2002, Mwenyezi Mungu amrehemu. Madaftari yangu yaliliwa na mchwa, yakamaliziwa na mvua za masika, nami sikujali sana maana nilijua kwamba tungo zimo ndani ya tarakilishi.

Ndimo zilimokuwa, lakini kuwamo ni mbali na kupatikana ni mbali.

Mwaka 2023 alinijia mjukuu wa marehemu, binti mtu mzima mwenye watoto wake. Akaamkia, akakaa mkekani, akaniambia, "Mjomba, mama asema tungo za babu unazo wewe. Twazitaka, hata zikiwa chache, tuwasomeshe watoto."

Nikamjibu kwa kifua kipana, "Zote ninazo, mwanangu. Njoo kesho."

Usiku ule nikaketi kuzitoa. Faili zilikuwamo, majina yake yasomeka, tarehe zake ni zile zile. Ila kila nilipobonyeza nilijibiwa kwa Kiingereza kwamba chombo hiki hakiijui faili ya namna ile. Nikajaribu kwa mlango mwengine, zikatoka alama za kuuliza na vijisanduku vitupu, ukurasa baada ya ukurasa, mithili ya hirizi. Programu ya kuandikia niliyoitumia mwaka 1999 ilikwisha kuachwa na walioitengeneza, na siri ya jinsi ilivyokuwa ikihifadhi maneno ilikuwa yao wenyewe. Basi mimi nilikuwa nimetia mali ya watu katika sanduku la njumu ambalo ufunguo wake sikupata kupewa hata siku moja. Miaka yote ile nilikuwa nikifunguliwa na mwenye duka, na sasa duka limefungwa.

Yule binti alipokuja kesho yake nilimwambia nina homa. Ilikuwa kweli kiasi.

Fundi mmoja wa mjini alinitoza shilingi elfu mbili kwa kuniarifu kwamba haiwezekani. Aliyenitoa katika fadhaa ile ni kijana wa mlango wa pili, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye alikuja kwangu kuazima ngazi.

"Shikamoo, Ami. Mbona uso umekunja?"

"Marahaba." Nikamweleza.

Akaweka ngazi chini. "Ngojea kwanza, Ami. Kuna watu kazi yao ni hii, kufungua masanduku ya zamani."

Akanitilia programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice, isiyouzwa, ambayo tangu mwaka 2010 hutengenezwa na watu wa nchi mbalimbali chini ya taasisi ya wakfu iliyosajiliwa Ujerumani. Akabonyeza faili ya kwanza mara mbili. Ukatokea ubeti wa kwanza wa utungo wa kwanza, na kosa langu la chapa la mwaka 1999 lingalimo vile vile. Kijana akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia achukue ngazi aende zake, ngazi ni yake.

WAKFU

Baadaye nilitaka kujua ni watu gani hao. Kumbe wako wajuzi waliokaa wakazichambua faili za programu zilizokufa, alama kwa alama, kama mtu asomaye maandishi yaliyofutika kaburini, wakaandika namna ya kuzisoma, kisha kazi yao wakaitoa kwa kila atakaye. Hicho ndicho kiitwacho programu huria: programu ambayo maandishi yake ya asili yako wazi, mtu akaweza kuyasoma, kuyageuza na kumpa mwenziwe.

Mwanzo wa habari hii wasimuliwa kuwa ni mashine ya kupigia chapa. Takriban mwaka 1980, katika maabara moja ya chuo cha MIT nchini Marekani, palikuwa na mtaalamu kijana jina lake Richard Stallman. Mashine yao ya zamani ilipokwamwa na karatasi ilikuwa ikimpelekea mtu habari kwenye tarakilishi yake, kwa kuwa Stallman mwenyewe aliigeuza programu yake ifanye hivyo. Ikaja mashine mpya, zawadi ya kampuni, na programu yake imefungwa. Akaenda kwa mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya asili, akamwomba. Mwenziwe akakataa, maana alikwisha kutia sahihi kwamba hatampa mtu. Pengine wewe na mimi tungenuna siku mbili tukasahau. Stallman hakusahau. Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU, na mwaka 1989 akautolea leseni yenye sharti la ajabu: utumie upendavyo, ugeuze upendavyo, ila ukimpa mtu nakala, umpe pamoja na haki zile zile ulizopewa wewe.

Mfumo huo ulipungukiwa na kiini chake. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza kimoja kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata alikitia chini ya leseni ile. Hicho ndicho Linux.

Sisi watu wa pwani, tuliokulia penye visima na misikiti ya wakfu, hatuna haja ya kuelezwa mno sharti kama lile. Mtoaji ametoa na sharti lake ameliandika, hapana ajaye nyuma akajenga ukuta kukizunguka kisima. Sisemi kwamba ni mamoja. Mali ya wakfu haiuzwi, na nakala ya programu huria yaweza kuuzwa. Kisichowezekana ni kuinyang'anya haki ya mnunuzi. Lakini nia zao ni jamaa. Hata Waislamu wenzetu waliliona hilo: kuanzia mwaka 2007 palikuwa na toleo la mfumo wa Ubuntu lililoandaliwa kwa ajili ya Waislamu, lenye programu ya kusomea Kurani na ya nyakati za sala, ambalo baadaye likapewa jina Sabily. Kwa Kiarabu ni "njia yangu", na kwetu sisi neno sabili ni kitu kilichotolewa kwa ajili ya Mungu, achukue ahitajiye. Toleo lile halikudumu, lilikoma mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwani wakfu nao wataka watu wa kuutumikia.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilitumia Windows ya wizi, nakala ya shilingi 500 iliyochomwa kwenye kisahani nyuma ya duka fulani, huku nikiwalaumu wanaotoa fotokopi za vitabu vya washairi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha 5 huko Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi ni mali ya wenyewe inayolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Mimi si shehe wala sitoi fatwa. Nasema tu kwamba nilipoisoma hukumu ile niliona haya, na kwamba mtu aliye maskini hana haja ya kuiba penye cha bure.

NAHODHA

Kufungua faili ni jambo moja, kubadilisha mfumo mzima ni jingine. Mfumo endeshi ndio nahodha wa tarakilishi: ndio unaopokea amri ya kibodi, unaoamka kabla ya programu zote na kulala baada yao. Ukimbadilisha nahodha, mabaharia wote hutaharuki.

Lililonisukuma ni kalenda. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ila kwa waliojiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada. Windows 11 nayo ina masharti ya chombo ambayo tarakilishi nyingi za zamani haziyafikii, na yangu ya mwaka 2014 ni miongoni mwao. Haikuwa imekufa. Ilikuwa ikiwaka na kuandika kama jana, ila milango yake ya usalama ndiyo ingebaki bila mlinzi. Wangapi wetu wana fedha ya kununua mashine mpya kwa sababu ya zamani imefikisha miaka kumi na moja?

Kijana akasema tutie Linux Mint, toleo la 22, ambalo limeahidiwa matengenezo hadi mwaka 2029 na halihitaji mashine kubwa. Nikamwambia mimi mtu mzima, nimezoea nilivyozoea. Akacheka. "Ami, simu yako hiyo ni Android, na ndani ya Android mna Linux. Miaka yote hii ulikuwa ukiitumia."

Hakunirukisha ghafla. Alikwisha kunizoesha LibreOffice na Firefox katika mfumo wa zamani kwa muda mrefu, nami sikujua kuwa nafunzwa kuogelea penye kina kifupi. Halafu akaja na flashi yenye mfumo mzima ndani, akaiwashia tarakilishi kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote cha ndani, nikaonja kwa siku tatu. Kisha tukanakili faili zangu zote pahala pawili. Hapo tu ndipo alipotia hasa. Nilipokuwa nimeushika mkono wake, akaniambia, "Usiche, Ami. Hutavunda kitu."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya adhabu, sitaficha. Nilitafuta ile herufi C ambayo kwa miaka yote ndiyo ilikuwa nyumba ya kila kitu, haiko. Niligundua kwamba kwa mfumo huu "Utenzi" kwa herufi kubwa na "utenzi" kwa herufi ndogo ni faili mbili mbalimbali, nami nilikwisha kuandika nusu huku na nusu kule. Programu haziokotwi tena ovyo mitandaoni. Kuna duka lake moja mle mle, kama la kwenye simu, na kila utakapotia kitu mfumo wakuuliza nywila, jambo lililoniudhi mpaka nilipotambua kwamba ndilo linalomzuia mwizi naye. Printa yangu, ambayo zamani ilitaka kisahani chake, ilikubali kupiga chapa mara ile ile nilipoichomeka. Lakini sehemu yake ya kunakilia picha ilimkalisha kijana siku mbili. Na flashi zangu nilizokuwa nikitoka nazo saiba zimejaa virusi vya Windows, humu vilionekana vimelala kama pweza aliyekaushwa, havina la kufanya.

Nilikumbuka siku niliyotolewa chuoni nikatiwa shule. Chuoni mwalimu wetu alinifunza kuandika kwenye ubao kutoka kuume kwenda kushoto, na mkono wangu ulikuwa umetulia. Shuleni nikaambiwa nianze kushoto. Kwa muhula mzima nilipewa sifuri, nikadhani akili zimeniruka. Kumbe akili zilikuwa pale pale, mkono tu ndio uliokuwa ukitafuta njia yake ya zamani. Nikiwa na miaka hamsini na kitu nilijiona niko tena kwenye dawati lile.

WENGINE

Nimewauliza waliotangulia au kunifuata. Mama mmoja wa Kuze, mpishi wa maandazi na biriani za harusi, huandikia hesabu zake katika tarakilishi aliyotiliwa mfumo huu na mwanawe. Nilipomwuliza ameuonaje alinishangaa. "Mfumo gani, mwanangu? Mimi nafungua hapa, naandika mchele, naandika nyama, nafunga." Kwake yeye hapakuwa na kuhama hata kidogo, mradi alama ya hesabu iko mahali pake, chini upande wa kushoto. Naona wengi wa watumiaji ni wa tabaka lake, na mabishano yetu sisi wajuaji hayamhusu.

Mwalimu mmoja wa madrasa alizipata tarakilishi sita kuukuu zilizotupwa na ofisi, akazifufua zote kwa Linux, na watoto wanajifunzia kupiga chapa. Yeye alipata taabu ya umeme zaidi kuliko ya mfumo.

Lakini mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa karibu na Mwembe Tayari alijaribu miezi minne akarudi Windows, safari hii akanunua nakala ya halali. Wateja wake huja na barua za kazi na ripoti walizoziandika kwengine kwa Word, naye akizifungua kwa LibreOffice jedwali lasogea, herufi zabadilika, mstari wa mwisho waangukia ukurasa wa pili. "Mteja hataki hotuba ya uhuru," aliniambia, "ataka karatasi yake itoke vile vile." Sina la kumjibu. Nami ninapopeleka makala gazetini huiangalia mara mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Hayo yamewafika wakubwa kuliko yeye. Baraza la mji wa Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limekwisha kuhamisha karibu tarakilishi 15,000. Kisha mwaka 2017 likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko na siasa nyingi. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa nao walianza na programu ya kuandikia mwaka 2005, wakafuata na Firefox mwaka 2006, na mfumo wenyewe wakauanza mwaka 2008, nao hawakurudi nyuma. Yule kijana wetu hakupata kusikia habari za askari hao, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule.

LUGHA

Kwa mtu wa kazi yangu kuna jambo jingine. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, katika mradi walioupa jina Kilinux, walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili ya tarakilishi, na Desemba ya mwaka ule wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayomsemesha mtu kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa, maana maandishi ya asili yalikuwa wazi. Hata hivyo nilipochagua Kiswahili katika mfumo wangu nilipata chongo: menyu moja Kiswahili, ya pili Kiingereza, kama hotuba za waheshimiwa wetu. Kazi iliyobaki ni ya kujitolea na wa kujitolea ni wachache. Nasi tulio na lugha yenyewe majumbani tumekaa tukingoja kufanyiwa.

LibreOffice huja na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Nilipoifungulia tungo za mzee wangu, ukurasa mzima ulichirizika wino mwekundu: nti, mato, mtezo, hini, yote makosa! Marehemu angaliuliza ni nani huyo asiyejua Kiswahili. Lakini nimepewa kitufe cha kuongeza neno, na kila jioni namfunza maneno kadhaa ya Kimvita. Orodha ile ni faili tupu ya maandishi. Nimempa rafiki yangu wa Lamu nakala yake, naye atatia yake ya Kiamu.

Kadhalika hati zetu za kale. Kibodi ya Kiarabu haina p wala ch, kwani Mwarabu hana haja nazo, lakini ya Kiajemi inazo. Nami nimepanga kibodi tatu pamoja, ya Kiswahili cha Kenya, ya Kiarabu na ya Kiajemi, na kwa kitufe kimoja nahama kutoka hii hadi hii. Hilo hata mifumo mingine yaweza, sitawadhulumu. Ila mwandiko ninaoutumia ni Amiri, uliotengenezwa na Mmisri Khaled Hosny kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzo wa karne ya 20, na huo nao umetolewa bure, pamoja na ruhusa ya kuugeuza. Nilipouona kiooni nilinusa wino wa msahafu wa babu yangu.

Kijana nilimpelekea ubeti badala ya fedha, maana fedha alizikataa:

Nilidhani kimevunda, chombo changu cha kwandika,
Kumbe ni tanga kupinda, pepo zilipogeuka,
Leo tena nimepanda, na usukani nashika,
Polepole ninakwenda, bandari nitaifika.

Alinijibu kwa simu kwamba ameufurahia, na kwamba ngazi yangu imevunjika kidato kimoja.

Tungo zilipokwisha kuchapwa nilizihesabu. Zilikuwa 141. Faili mbili zilikwisha kuoza tangu enzi za disketi, na hapana programu duniani, huria wala ya kununua, ifufuayo kilichooza. Nilimpelekea yule binti furushi lake mwenyewe, mkononi. Mama yake, ambaye sasa ni bibi kizee, alipoambiwa ni zipi zilizopotea, moja aliighani papo hapo sebuleni kutoka mwanzo hadi kituo, nasi tukaandika. Ya pili bado twaitafuta. Ni ile ya jahazi lililoondoka Lamu usiku wa mwezi mwandamo na abiria wa harusi, beti zake hazipungui ishirini. Msomaji aliyeisikia kwa mzee, au aliyenayo kwenye kaseti au daftari, na aniandikie kupitia kwa mhariri wa ukurasa huu.